Msumari na Mrututu: Jinsi ya Kutabiri Metali Ipi Itaiondoa Nyingine

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wanaufahamu mrututu: zile chembe za buluu iliyokolea ambazo huchanganywa na chokaa kupata dawa ya ukungu. Mchanganyiko huo ulianzia kwenye mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, ambako Pierre-Marie-Alexis Millardet aliutangaza mwaka 1885. Tangu zamani umeambatana na onyo moja: usiuchanganyie kwenye ndoo ya bati wala pipa la chuma. Tumia plastiki au mbao.

Wengi hulishika onyo hilo bila kuelezwa sababu, na sababu yake ndiyo somo letu. Mrututu ni salfeti ya shaba. Ukiumumunya majini kisha maji hayo yakakutana na zinki iliyopakwa kwenye ndoo, zinki inaingia majini na shaba inatoka. Ndoo inaliwa, dawa inapungukiwa na shaba, na shaba ndiyo iliyokusudiwa kuua ukungu. Metali moja imeiondoa nyingine na kukaa mahali pake. Wanakemia huliita tukio hili mmenyuko wa uhamishaji. Ukiuelewa vizuri mmoja tu, utaweza kutabiri mingine mingi bila kukariri mlinganyo hata mmoja.

Nakuomba usianzie kwenye daftari. Anza na jaribio, kwa sababu vifaa vyake vinapatikana karibu kila mji wenye duka la pembejeo.

Jaribio lenyewe

Nunua mrututu wenyewe, chembe za buluu. Dawa za shaba zilizotengenezwa tayari, zile nyekundu au za kijani, hazitakufaa kwa kazi hii kwa sababu shaba yake haimumunyiki majini. Chukua gilasi au chupa ya plastiki iliyokatwa ambayo haitarudi tena jikoni. Weka maji mililita 200 na mrututu kijiko kimoja cha chai, yaani takriban gramu 5, ukoroge mpaka chembe zote ziishe. Vaa glavu. Mrututu ni sumu ukimezwa, unachoma macho, na unaua samaki. Watoto wasifanye jaribio hili bila mtu mzima kuwa karibu.

Sasa tafuta msumari wa kawaida wa mbao, si ule wa kuezekea uliopakwa zinki. Usugue kwa msasa mpaka ung'ae, uoshe kwa sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, uukaushe. Usiruke hatua hii. Majaribio mengi ya darasani huharibika hapa: msumari wenye kutu au mafuta hukaa majini bila kubadilika, na wanafunzi huondoka wakiamini kwamba kemia ni mambo ya kitabuni tu.

Ufunge uzi, uutumbukize nusu. Baada ya dakika chache sehemu iliyozama itakuwa imepata rangi nyekundu ya hudhurungi. Utoe, uutazame, linganisha nusu mbili. Hiyo nyekundu ni shaba. Urudishe, uache mpaka kesho yake. Utakuta ukoko wa shaba umeongezeka, na sehemu yake imeanguka chini ya gilasi. Buluu ya maji nayo itakuwa imefifia na kuelekea kijani hafifu. Kijani hicho ni rangi ya chuma kilichoingia majini. Ukiacha siku kadhaa utaona matope ya rangi ya kutu yakijikusanya. Hiyo si shaba tena, ni chuma kilichokwishaingia majini kinachoungana na oksijeni ya hewa. Usiichanganye na matokeo ya mmenyuko wetu.

Ukitaka kasi, badala ya msumari tumia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, lakini ziwe za aina inayoshika kutu. Zile zisizoshika kutu hazifai. Nyuzi nyembamba zina uso mpana unaokutana na maji, kwa hiyo rangi hubadilika upesi zaidi.

Weka na gilasi ya pili pembeni. Maduka mengi ya pembejeo huuza salfeti ya zinki kwa ajili ya mimea yenye upungufu wa zinki. Mumunya kidogo, kisha tumbukiza kipande cha waya wa umeme wa shaba uliouchuna na kuusugua. Subiri saa nzima, subiri mpaka kesho. Hakuna kitakachotokea. Usiidharau gilasi hii isiyobadilika, kwa sababu ndiyo inayothibitisha kwamba jambo hili lina mwelekeo mmoja. Chuma na zinki huiondoa shaba, lakini shaba haiwezi kumwondoa yeyote kati yao.

Chuma hakikugeuka

Anayeuona msumari ukigeuka mwekundu kwa mara ya kwanza huwa na wazo moja: chuma kimekuwa shaba. Wazo hilo ni la kale. Huko China, katika enzi ya Song, karne ya 11, mafundi walitumbukiza mabamba ya chuma kwenye maji ya buluu yaliyotoka migodini, wakakwangua shaba iliyojishika juu yake, na shaba hiyo ikapelekwa kutengeneza sarafu. Ulaya nako, waliokuwa wakitafuta njia ya kugeuza metali duni kuwa dhahabu waliuona mmenyuko huohuo wakauchukua kuwa ushahidi kwamba metali hugeuka.

Hazigeuki. Shaba ilikuwamo majini tangu mwanzo, ila katika umbo la ioni, yaani atomu zilizopoteza elektroni mbili kila moja. Atomu ya chuma hutoa elektroni zake mbili kwa urahisi kuliko shaba. Inapokutana na ioni ya shaba, chuma kinatoa, shaba inapokea. Aliyetoa anakuwa ioni na kumezwa na maji. Aliyepokea anarudi kuwa metali na kujishikiza kwenye msumari. Salfeti haikushiriki, ilikuwapo kabla na ipo baada. Kwa ufupi huandikwa:

Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Mwanafunzi, angalia upande wa kulia. Ni FeSO₄, si Fe₂(SO₄)₃. Katika mmenyuko huu kila atomu ya chuma hutoa elektroni mbili, haitoi tatu. Kosa hilo hupoteza alama nyingi, na kile kijani hafifu ulichokiona kwenye gilasi ndicho kinachokukumbusha jibu.

Elektroni zinazotolewa lazima zilingane na zinazopokelewa. Hiyo ndiyo sababu ya namba 2 zinazojitokeza shaba inapotumbukizwa kwenye naitreti ya fedha:

Cu + 2AgNO₃ → Cu(NO₃)₂ + 2Ag

Shaba inatoa elektroni mbili, ioni ya fedha inapokea moja tu, basi zinahitajika ioni mbili. Ukisawazisha elektroni, mlinganyo unajisawazisha wenyewe. Sijaona njia nyingine ya kufundisha jambo hili inayodumu kichwani kuliko hiyo.

Safu unayopaswa kuwa nayo

Metali zimepangwa kwa nguvu ya kutoa elektroni, kuanzia yenye nguvu zaidi: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, aluminiamu, zinki, chuma, risasi, kisha haidrojeni, halafu shaba, fedha na dhahabu. Isome kama msimamo wa ligi: aliye juu humwondoa aliye chini yake, na wa chini hamwondoi wa juu. Haidrojeni si metali, lakini imewekwa hapo makusudi kwa sababu nayo huondolewa kwenye asidi.

Kwa kila swali, jiulize mambo matatu kwa mfuatano. Metali iliyo peke yake iko juu ya ile iliyo kwenye mmumunyo? Kama hapana, ishia hapo, jibu ni hakuna mmenyuko. Kama ndiyo, je, chumvi hiyo imemumunyika kweli majini? Na uso wa metali uko wazi, au umefunikwa na kitu?

Jaribu sasa hivi kabla hujaendelea. Zinki ndani ya naitreti ya risasi? Zinki iko juu, inaiondoa risasi. Fedha ndani ya salfeti ya shaba? Hakuna kitu. Magnesiamu ndani ya salfeti ya zinki? Zinki itatoka. Sodiamu ndani ya mmumunyo wa mrututu? Hapa wengi huteleza. Kwa kufuata safu peke yake utasema shaba itatoka. Lakini sodiamu ina nguvu kiasi kwamba inayavamia maji kwanza, inatoa haidrojeni na joto kali, na kinachobaki ni haidroksidi ya shaba ya rangi ya buluu, si shaba nyekundu. Potasiamu na kalsiamu nazo hukimbilia maji. Kwa uhamishaji ndani ya maji, metali za kufanyia kazi huanzia magnesiamu kwenda chini.

Kadiri umbali kati ya metali mbili kwenye safu unavyokuwa mkubwa, ndivyo mmenyuko unavyokuwa na nguvu zaidi. Unga wa zinki ukimwagwa kwenye mmumunyo wa mrututu huipasha gilasi joto hadi ulisikie kwa mkono. Mwaka 1836 Mwingereza John Frederic Daniell aliitenga zinki na shaba katika vyumba viwili vya chombo kimoja, akazilazimisha elektroni zipite kwenye waya badala ya kurukia moja kwa moja kwenye ioni za shaba. Nguvu iliyokuwa ikipotea kama joto ikawa umeme wa volti 1.1 hivi, na betri za aina hiyo zikaendesha simu za maandishi za karne ile. Ni mmenyuko uleule wa ndoo ya bati na dawa ya kahawa.

Aluminiamu inayokataa

Kata kipande cha karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, kitumbukize kwenye mrututu. Aluminiamu iko juu sana ya shaba, kwa hiyo safu inasema mmenyuko uwe mkali. Utasubiri bila kuona kitu cha maana. Je, safu imekosea?

Sasa ongeza chumvi ya mezani kijiko kimoja, ukoroge. Mrututu utageuka kijani, na baada ya muda mfupi karatasi itaanza kutoboka, mapovu ya haidrojeni yatapanda, shaba nyekundu itajaa chini, na chombo kitapata joto la kushangaza. Ndiyo maana nakusihi utumie kipande kidogo, usiinamie chombo, na usikifunike.

Aluminiamu ikikutana na hewa hujivika mara moja utando mwembamba mgumu wa oksidi. Utando huo ndio ulioifanya ionekane dhaifu. Ioni za kloridi kutoka kwenye chumvi huutoboa, na hapo nguvu ya kweli ya metali inajitokeza. Hili ni swali la tatu kati ya yale matatu, la uso ulio wazi. Ukimpa mwanafunzi jaribio hili bila kumwambia mapema, kisha ukamwachia dakika kumi afikiri, atakuwa amejifunza zaidi ya kurasa ishirini za kukariri.

Nguvu hiyohiyo iliyofichika ndiyo inayounganisha reli. Mjerumani Hans Goldschmidt alipata hataza mwaka 1895 ya kuchanganya unga wa aluminiamu na oksidi ya chuma. Ukishawashwa, aluminiamu inakipokonya chuma oksijeni yake, na joto linalotoka linakiyeyusha chuma kikatiririka kwenye pengo kati ya vipande viwili vya reli. Usithubutu kulijaribu nyumbani wala shuleni. Moto wake hauzimwi kwa maji, na maji yakigusa chuma kilichoyeyuka hulipuka.

Hesabu kidogo

Kwenye gilasi yetu kulikuwa na shaba kiasi gani? Chembe za mrututu zina maji ndani yake, na takriban robo ya uzito wake ndiyo shaba. Gramu 5 zina shaba gramu 1.27 hivi. Kwa kila gramu 63.5 za shaba zinazotoka, gramu 56 za chuma zinaingia majini, kwa hiyo chuma gramu 1.1 kinatosha kuimaliza yote. Msumari wa inchi tatu una zaidi ya hapo. Kama una mizani ya sonara, pima msumari kabla na baada bila kuukwangua: uzito unapaswa kuongezeka kidogo, kwa sababu shaba inayokuja ni nzito kuliko chuma kinachoondoka. Ukipungua, jua kuna shaba iliyoanguka chini ya gilasi; ikusanye, ikaushe, ipime.

Nyumbani na kazini

Siki, maji ya ukwaju, ndimu na juisi ya nanasi vyote ni asidi. Ukivihifadhi kwenye ndoo iliyopakwa zinki, zinki inaiondoa haidrojeni na kuingia ndani ya kinywaji. Watu wamewahi kutapika na kuharisha kwa kunywa vinywaji vya aina hiyo vilivyolala kwenye vyombo vya zinki. Kwenye shughuli yenye wageni wengi, juisi iwekwe kwenye plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu. Vivyo hivyo maji ya betri ya gari, ambayo ni asidi ya salfuriki, yasiwekwe kwenye chombo cha zinki au chuma: haidrojeni inayotoka hulipuka ikikutana na cheche.

Fundi bomba, usiyapitishe maji kwenye shaba kisha ukayaingiza kwenye bomba lililopakwa zinki. Kiasi kidogo cha shaba kinachomumunyika njiani hutua juu ya zinki, na kila kinapotua panaanza tundu. Ukilazimika kuzichanganya, zinki itangulie na shaba ifuate maji yanakoelekea.

Kwa wenye vikuku, mikufu na vyombo vya fedha vya Pwani, Zanzibar au Oman vilivyopoteza mng'ao: weusi ule ni salfidi ya fedha. Tandika karatasi ya aluminiamu kwenye bakuli la plastiki gumu au kioo kinachostahimili joto, weka juu yake kipambo kikigusana nayo, nyunyiza vijiko viwili vya soda ya kuokea na chumvi kidogo, mwagia maji ya moto. Aluminiamu inaichukua salfa, fedha inabaki na kurudi kung'aa. Utasikia harufu hafifu ya mayai yaliyooza, fungua dirisha. Njia hii ni bora kuliko kusugua, kwa sababu kusugua kunaondoa fedha yenyewe. Lakini usiitumie kwa kipambo chenye lulu, mawe yaliyogundishwa kwa gundi, au nakshi ambazo sonara alizitia weusi makusudi. Weusi huo nao utaondoka, na nakshi itapoteza uso wake.

Dhahabu imo mwishoni mwa safu, kwa hiyo karibu kila metali inaweza kuiondoa. Mwaka 1887, mjini Glasgow, John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest walipata hataza ya kuimumunya dhahabu kutoka kwenye mawe kwa sayanidi, na dhahabu hiyo ikawa ikitolewa kwenye mmumunyo kwa zinki. Migodi mingi leo hutumia kaboni kuikusanya, lakini zinki haijaachwa. Sayanidi inaua kwa kiasi kidogo sana, na si kitu cha kuchezea uani.

Metali haziko peke yake katika kanuni hii. Klorini humwondoa bromini kwenye chumvi zake, bromini humwondoa iodini. Antoine Balard aliigundua bromini mwaka 1826 kwa kupitisha klorini kwenye maji ya chumvi ya bahari. Na kaboni, ambayo ina nafasi yake kati ya aluminiamu na zinki, inaweza kuchukua oksijeni kutoka kwa chuma. Hiyo ndiyo kemia ya tanuru za Wahaya na Wafipa, waliotoa chuma kwenye mawe kwa makaa ya miti muda mrefu kabla ya kemia hii kuandikwa vitabuni mwetu.

Ukimaliza

Usimwage mrututu mtoni, kwenye mfereji wala kwenye bwawa la samaki. Tumia mmenyuko wenyewe kusafisha: tia nyuzi za chuma au misumari mingi kwenye gilasi zote zenye mrututu, ziache siku mbili tatu mpaka buluu ipotee kabisa. Shaba itakuwa imetoka, maji yaliyobaki yana chuma. Chuja, hifadhi shaba, mwaga maji hayo mbali na kisima. Nawa mikono kwa sabuni.

Mwalimu unayefundisha kwenye shule isiyo na maabara, chukua kijiko kimoja cha mrututu, msumari na gilasi uingie navyo darasani. Waulize wanafunzi kwanza nini kitatokea, waandike jibu, ndipo utumbukize msumari. Mlinganyo uandike mwisho.